Namba Moja, Bei Tatu

Alasiri moja, baada ya sala, mtoto wa ndugu yangu alinijia barazani akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, na baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizana hali za nyumbani kama ilivyo ada, aliikunjua juu ya goti lake akanionyesha orodha aliyoinakili kwa kalamu ya risasi: kamera tatu za kampuni moja ya Kijapani, Nikon, zote za dijitali, zote za kubadilisha lenzi, na mbele ya kila moja namba ile ile, au jirani yake wa karibu sana, ya megapikseli. Ya kwanza, D3300, iliyotangazwa Januari 2014, ilikuwa na megapikseli 24.2, ya pili, D7200, ya Machi 2015, nayo ilikuwa na 24.2, na ya tatu, D750, ya Septemba 2014, ilizidi kwa nukta moja tu, 24.3. Walakini bei zao zilipoingia sokoni Marekani hazikukaribiana hata kidogo: ya kwanza iliuzwa kwa dola 650 pamoja na lenzi yake, ya pili kwa dola 1,200 bila ya lenzi, na ya tatu kwa dola 2,300, nayo bila ya lenzi vilevile.

"Ami," akasema, "ikiwa namba ni moja, mbona bei tatu? Si heri nitafute ile rahisi, nibaki na fedha zangu?"

Swali lake lilikuwa la haki, na nilikiri moyoni kwamba watu wazima ninaowajua, wenye ndevu na vitambara vya kufutia lenzi, wamenunua kamera za thamani pasina kujiuliza. Haya ninayoandika ni jawabu nililompa siku ile, nililolinyoosha kidogo na kuliongezea yale ambayo ulimi huyasahau na kalamu huyakumbuka. Na zaidi nitaizungumza ile kamera ya katikati, D7200, kwa sababu ninayo mwenyewe, na kwa sababu ndiyo inayowapotezea watu usingizi.

Watengenezaji wa kamera tangu zamani wamewagawa wateja wao mafungu matatu: yuko anayeanza, ambaye huogopa vifungo vingi, yuko mtaalamu anayekula kwa kazi hiyo, ambaye huogopa kamera kumzimikia kazini, na baina yao yuko yule mpenzi wa picha, asiyelipwa na mtu, au anayelipwa mara mojamoja katika arusi ya jirani, lakini anayeamka alfajiri kwenda kuvizia nuru ya jua juu ya maji kabla ya ngalawa kurejea. Huyu wa kati ndiye mgumu kumridhisha, maana ana macho ya mtaalamu na mfuko wa mwanafunzi, na kamera inayoundwa kwa ajili yake haina budi kuchukua mambo kadhaa ya kamera ya bwana mkubwa na kuyaacha mengine, na uzuri au ubaya wake wote umo katika uchaguzi huo: kilichochukuliwa ni nini, na kilichoachwa ni nini.

Tuanze na hiyo megapikseli, tuimalize, tuiweke kando. Ndani ya kamera ya dijitali, pale ilipokuwa ikipita filamu hapo zamani, pana kibamba cha silikoni kiitwacho kihisi, nacho kimejaa vijumba vidogo mno vya kupokea mwanga, na kila kijumba hutoa nukta moja ya picha. Nukta hiyo ndiyo pikseli, na pikseli milioni moja ni megapikseli. Picha ya D7200 ina nukta 6,000 kwa upana na 4,000 kwa kimo, ambazo ukizizidisha utapata milioni 24, na ukiichapa juu ya karatasi kwa nukta 300 katika kila inchi, kiwango cha uchapaji mzuri, utapata picha ya upana wa inchi 20 na kimo cha inchi 13 na ushei. Nikamwuliza kijana ni lini mara ya mwisho alichapa picha kubwa kiasi hicho, akacheka, kwa kuwa picha zake zote hukaa katika simu, na kioo cha simu nyingi za sasa huonyesha nukta milioni mbili na nusu hivi, yaani takriban sehemu ya kumi ya hizo alizokuwa akizihesabu kwa shauku. Namba ile, basi, husema picha inaweza kukuzwa kiasi gani. Habari za uzuri wa picha haizijui.

Iko namba nyingine ambayo mtoto wa ndugu yangu hakuiandika, nayo ni kipimo cha kihisi chenyewe. Kile cha D750 kina milimita 36 kwa 24, sawa na fremu ya ile filamu ya milimita 35 waliyoitumia baba zetu; kile cha D7200, na kile cha D3300 pia, ni milimita 23.5 kwa 15.6, eneo lisilofika nusu ya lile kubwa. Kihisi kikubwa hukinga mwanga mwingi zaidi, kama bati pana likingavyo mvua nyingi zaidi, na kwa hiyo picha zake za gizani huwa safi zaidi. Huko ndiko ziliko nyingi katika zile dola za ziada za D750, na mwenye nazo azitumie kwa furaha. Lakini baina ya kamera mbili za mwanzo kihisi ni kipimo kimoja na megapikseli ni zilezile, na insafu yanitaka niseme kwamba mchana wa jua, lenzi ikiwa moja na mkono mmoja, picha zao zikiwekwa ubavu kwa ubavu, sidhani kama msomaji angezitambua, wala mimi mwenyewe nisingeapa.

Fedha, basi, zilikwenda wapi? Sikumjibu kwa maneno. Niliingia ndani nikatoa kamera yangu, nikamtuma kwa jirani kuazima ile D3300 yake, na zote mbili zikiwa mezani nilimwambia azichungulie moja baada ya moja, huku akimlenga fundi cherehani aliyekuwa akishona kanzu mlangoni kwake ng'ambo ya njia.

Hapa yafaa nieleze kinachotokea mtu anapochungulia kamera ya namna hii, ambayo wauzaji huiita DSLR. Mwanga huingia kwa lenzi, ukakuta kioo kilichosimamishwa kimshazari, ukarushwa juu hadi kwenye kipande cha kioo chenye ukungu kama wa dirisha la msalani, na picha iliyojichora hapo hugeuzwa na kurejeshwa sawa kabla ya kulifikia jicho. Kwa hiyo unachokiona ni mwanga wenyewe uliopita katika lenzi yenyewe, si sinema yake. Unapobonyeza, kioo kile huruka juu, pazia lililo mbele ya kihisi, yaani shata, hufunguka na kufunga, kisha kioo huanguka mahali pake, na sauti ya yote hayo ni ule mlio wa "chaka" ambao mpiga picha huusikia hata usingizini. Sasa, kazi ya kuigeuza picha katika kamera kama D7200 hufanywa na bonge la kioo kizito lililochongwa pembe tano. Na katika kamera za wanaoanza, ili kupunguza gharama na uzito, hufanywa na paa la vioo vyembamba vilivyogundishwa, ambalo ndani yake mna hewa tupu. Mwanga hupotea kidogo kila unapopiga kioo, na tundu lenyewe la kuchungulia ni dogo zaidi.

Kijana aliichungulia ndogo, akaichungulia kubwa, akairudia ndogo. "Hii," akasema akiitikisa ile D3300, "ni kama kumtazama fundi kutoka ndani ya kichochoro. Hii nyingine ni kama kusimama mlangoni." Sikuwa na la kumwongezea isipokuwa hili, kwamba ile ndogo ilimwonyesha asilimia 95 ya upana na asilimia 95 ya kimo cha kitakachoingia pichani, na ile kubwa takriban chote, na katika kile kilichofichwa pembezoni, kinachosikika kuwa kidogo, ndimo unamojificha mguu wa kiti, ndoo ya jirani, na mkono wa mtoto asiyealikwa, ambavyo mtu hakuviona alipobonyeza na huviona sana anaporudi nyumbani.

La pili liko vidoleni. D7200 ina magurudumu mawili, moja chini ya kidole gumba nyuma, na jingine chini ya kidole cha shahada mbele, na mpiga picha anayejipangia mwenyewe hulitumia moja kuamua shata ifunguke kwa muda gani na la pili kuamua tundu la lenzi lipanuke kiasi gani. D3300 ina gurudumu moja tu, na mtu akitaka lifanye kazi ya lile lisilokuwepo hana budi kushikilia kifungo huku akizungusha. Juu ya karatasi hilo ni jambo dogo. Lakini nimhadithie msomaji habari ya kanzu.

Kipimo cha mwanga kilicho ndani ya kamera, ijapokuwa cha siku hizi kina ujanja mwingi, msingi wake ni dhana moja ya kale: kwamba chochote kilichoko mbele yake, kikichanganywa chote pamoja, rangi yake ni ya kijivu cha kati, si nyeupe wala si nyeusi. Dhana hiyo hufaa barabarani na shambani. Iweke sasa kamera hiyo mbele ya nikahi, ambako wameketi wanaume arubaini, kila mmoja katika kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, na juu ya kila kanzu uso mweusi au wa maji ya kunde. Kamera huona weupe ule wote ikadhani kwamba mwanga umezidi, ikaupunguza, na matokeo yake kanzu hutoka na rangi ya majivu na nyuso za watu wazima wenye heshima zao huzama gizani. Ukihamia chumba cha wanawake, penye mabuibui, mambo hupinduka: kamera huona weusi, ikauzidisha mwanga, na buibui jipya likatoka limechujuka kama lililofuliwa mwaka mzima. Dawa yake yajulikana na kila mpiga picha wa pwani hii, nayo ni kuipinga kamera kwa makusudi, kuiambia iongeze mwanga panapokuwa na kanzu na ipunguze panapokuwa na mabuibui. Na katika D7200 jambo hilo hufanyika kwa kubonyeza kifungo kidogo karibu na shata na kuzungusha gurudumu la kidole gumba, jicho likiwa bado tunduni, kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Mtu akiwa amejipangia kila kitu kwa mkono, magurudumu mawili humruhusu kubadilisha vyote viwili bighairi ya kuishusha kamera. Na neno la bwana arusi la kuikubali ndoa, anapolitamka mkono wake ukiwa katika mkono wa walii, halirejewi kwa ajili ya mpiga picha aliyekuwa akitafuta kifungo.

Hilo ndilo nililotaka kijana alielewe kuliko yote: kamera ya daraja la kati hununuliwa kwa ajili ya nafasi zile ambazo hazingoji, na thamani yake hupimwa kwa idadi ya mara inayokuacha ufanye ulilokusudia bila ya kujihisi kwamba umeshika chombo.

Yako mengine ya jinsi hiyo, nami nitayapita mbio. D7200 ina vituo 51 vya kulengea, vilivyotawanyika katika tundu la kuchungulia, na D3300 ina 11. Na ulengaji wa D7200 umesemwa na watengenezaji kuwa hufanya kazi mpaka katika giza linalokaribiana na mbalamwezi, jambo ambalo nimelijaribu katika maulidi ya usiku na sikuona kwamba wamesema uongo. Hupiga picha sita kwa sekunde moja. Ina nafasi mbili za kadi za kumbukumbu, hata picha moja ikaandikwa mahali pawili kwa wakati mmoja, na mtu ambaye kadi yake imewahi kufa ikiwa na arusi nzima ndani yake hahitaji kuelezwa faida ya hilo. Mwili wake una magamba ya aloi ya magnesi juu na nyuma, na vizibo vya kuzuia vumbi na manyunyu, ambavyo si ruhusa ya kuogelea nayo. Wako pia wanaoigeuza kamera chini juu kutafuta maandishi ya Japani, wakidhani kwamba iliyoundwa kwingine ni ya bandia; wasijisumbue, kwani D7200 ziliundwa Thailand.

Halafu iko mota. Mwaka 1959 Nikon walitoa kamera yao ya kwanza ya kioo kinachoruka, iliyoitwa Nikon F, na mdomo wa chuma ambao lenzi zake hufungiwa uliendelea kutumika, ingawa kwa marekebisho mengi, katika karibu kamera zao zote za kioo zilizofuata. Kwa miaka mingi lenzi zao nyingi za kujilenga zenyewe hazikuwa na mota ndani. Mota ilikuwa katika mwili wa kamera, na ikaizungusha lenzi kwa bisibisi ndogo inayochomoza mdomoni. D7200 bado inayo mota hiyo, na D3300 haina. Maana yake ni kwamba lenzi ya milimita 50 yenye tundu la 1.8 ya zile zilizoandikwa herufi D, ambayo ni katika lenzi zilizo rahisi mno kuliko zote, hujilenga yenyewe katika D7200, na katika D3300 hubaki ikingoja kuzungushwa kwa mkono. Hata lenzi za mwaka 1977 na baada yake, zisizo na umeme wowote, D7200 huzikubali na kuzipimia mwanga, mradi mwenyewe aiambie ni lenzi gani. Kwa mtu ambaye babu yake alimwachia lenzi mbili katika sanduku la mvule, neno hilo moja lina thamani ya fedha taslimu.

Na kwa kuwa tumefika kwenye lenzi, nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo watu wengi hudhulumu nafsi zao. D7200 iliuzwa pia pamoja na lenzi ya milimita 18 hadi 140, lenzi ya adabu, inayofaa safari na familia, lakini tundu lake, ikivutwa mpaka mwisho, ni 5.6. Tundu la lenzi hupimwa kwa namba ambayo kadiri inavyopungua ndivyo tundu linavyopanuka, na lenzi yenye 1.8 huingiza mwanga mara tisa na ushei zaidi ya yenye 5.6. Hesabu hiyo si ya kuchezea: ukumbini, mahali ambapo lenzi ya 5.6 hukulazimisha kuipandisha kamera hisia yake ya mwanga hadi ISO 6400, picha ikajaa chembechembe kama mchanga, ile ya 1.8 hukuruhusu kukaa karibu na ISO 640, na nyuso za watu zikatoka laini. Nikon walitoa mwaka 2009 lenzi ya milimita 35 yenye tundu la 1.8, iliyokusudiwa kwa vihisi vya kipimo hiki, kwa dola 200. Haivuti wala hairudi, ukitaka kumkaribia mtu utatumia miguu yako, nayo ni nyepesi hata unaisahau. Rai yangu, nami nimeishikilia kwa miaka na nimebishana nayo na watu wengi, ni kwamba kamera ya D3300 yenye lenzi hiyo humshinda ukumbini mwenye D7200 aliyefunga lenzi ya 5.6, na kwamba mtu ambaye fedha zake zote zimemalizwa na mwili wa kamera amenunua nusu ya chombo.

Sasa niseme ila zake, nisije nikadhaniwa kuwa wakili wa kampuni. Kioo cha nyuma cha D7200 kimekazwa mahali pake, hakipinduki wala hakikunjuki, wala hakisikii kidole. Mtu anayetaka kupiga picha chini karibu na ardhi, mathalani kaa ufuoni, hulala kifudifudi. Katika kupiga sinema ni dhaifu: hujilenga polepole, ikisita mbele na nyuma kama mtu aliyesahau miwani yake, na mwisho wake ni sinema ya mistari 1080, wala haifiki ile ya 4K. Canon, washindani wao wa jadi, walitoa Februari 2016 kamera yao 80D kwa bei iyo hiyo ya dola 1,200, na humo kila kijumba cha kihisi kimegawanywa nusu mbili ili kamera ipime umbali kwa kihisi chenyewe, basi katika sinema hujilenga kwa utulivu mkubwa, na kioo chake cha nyuma hupinduka kila upande na hufuata kidole. Ila ina nafasi moja tu ya kadi. Atakaye kupiga sinema aichague hiyo wala asisikilize maneno ya mashabiki.

Hata Nikon wenyewe walipoleta mrithi, D7500, Aprili 2017, walifanya jambo lililowashangaza wengi. Walimpa kioo kinachopinduka na kinachosikia kidole, sinema ya 4K, na picha nane kwa sekunde. Kisha wakamnyang'anya nafasi ya pili ya kadi, wakamnyang'anya ule uwezo wa kuzipimia mwanga lenzi za zamani, na megapikseli wakazishusha kutoka 24 hadi 20.9, na bei ikawa dola 1,250. Hizo megapikseli zilizopungua hazinisumbui hata chembe, kwa sababu nilizokwisha kuzieleza. Kadi ndiyo inayonisumbua, na ndiyo iliyonifanya nisibadilishe. Mpya si lazima iwe bora katika kila jambo, hasa pale ambapo mwuzaji anayo nyingine ya bei kubwa zaidi ambayo angependa uitamani.

Mambo yamebadilika tangu siku hizo. Mwaka 2018 Nikon na Canon wote wawili walitoa kamera za kihisi kikubwa zisizo na kioo ndani, ambazo mtu akizichungulia huona televisheni ndogo badala ya mwanga wenyewe, na tangu mwaka 2020 Nikon hawajatoa kamera mpya ya kioo. Kamera hizo mpya zina mambo ya ajabu, na sitazitukana. Lakini televisheni ile hula umeme wakati wote unapochungulia: betri ya D7200, kwa kipimo cha watengenezaji, hupiga picha 1,110 kabla ya kuisha, na ile Nikon Z 6 ya mwaka 2018, yenye betri ya umbo lilo hilo, kwa kipimo hicho hicho hupiga 310. Katika mji ambao umeme hukatika magharibi ukarudi ukipenda, tofauti hiyo ni ya kuwekwa katika mizani. Fauka ya hayo, kwa kuwa wapenda mapya wanaziuza za zamani ili wanunue za kisasa, kamera ambayo jana ilikuwa ya dola 1,200 leo hupatikana mkononi mwa mtu kwa sehemu ndogo ya bei hiyo, na hapo ndipo mwenye mfuko wa mwanafunzi anapopata nafasi yake.

Ila anunue kwa macho mawili. Mimi niliwahi kununua lenzi iliyotumika katika duka ambalo sitalitaja, lenzi iliyong'ara nje kama sarafu mpya, na mwenye duka akaniapia kwamba ilikuwa ya daktari mmoja aliyeitumia siku za idi tu. Nilipofika nyumbani nikaiangaza kwa tochi kutoka nyuma, niliona ndani yake nyuzi nyeupe zilizotandaa kama utando wa buibui, nazo zilikuwa kuvu. Joto na unyevu wa pwani ndio malezi yake, na ikikaa sana hula ile ngozi nyembamba iliyopakwa juu ya kioo, isitoke tena hata kwa fundi. Tangu siku hiyo tochi haitoki mfukoni mwangu ninapokwenda sokoni, na lenzi zangu hazilali tena katika mikoba ya ngozi ndani ya kabati, bali katika debe la plastiki lenye kifuniko cha kubana na vifuko vya zile chembe za kunyonya unyevu ambavyo watu huvikuta ndani ya maboksi ya viatu na kuvitupa.

Na mwili wa kamera una mambo matatu ya kutazamwa. Shata ya D7200 ilijaribiwa na watengenezaji kwa mara 150,000, na kila picha ya kamera hii huandika ndani ya faili lake ni ya ngapi tangu kamera izaliwe, na ziko programu za bure za kuisoma namba hiyo. Kamera iliyofikia 20,000 bado ni kijana, na iliyofikia 140,000 imepiga arusi nyingi, mwenyewe aseme asemavyo. Kisha piga picha ya ukuta mweupe au ya mbingu, tundu la lenzi likiwa limebanwa hadi 16, uikuze: madoa meusi yaliyo mahali pale pale katika kila picha ni vumbi juu ya kihisi, ambalo husafishika, na mikwaruzo haisafishiki. Mwisho fungua ukurasa wa habari za betri, ambako kamera hutaja umri wa betri kwa namba kuanzia 0 hadi 4. 0 ni mpya, 4 ni ya kustaafu.

Kijana aliandika yote hayo nyuma ya ile karatasi yake, akaniaga, na kwa miezi miwili sikumwona. Aliporudi alikuwa na D7200 iliyokwisha kupiga picha 31,000 na kitu, lenzi moja tu, ile ya milimita 35, na betri ya pili aliyoinunua kwa fedha zilizobaki. Lenzi ya kuvuta hakununua. Picha ya fundi cherehani aliyoipiga jioni ile, kwa mwanga wa taa moja, sasa imetundikwa dukani kwa fundi mwenyewe.